Uzi: Kubadili breki pedi za mbele nyumbani kwa Toyota ndogo (IST, Vitz, Raum, Probox, Premio, Allion)

Spana14

Wakuu, habari za leo. Uzi huu ni wa wanaotaka kubadili breki pedi za mbele kwa mikono yao. Nimechukua Toyota ndogo kwa sababu ndizo zilizojaa barabarani kwetu, na kalipa zao (vibano vinavyobana pedi kwenye diski) zinafanana: pistoni moja, na kalipa yenyewe inateleza juu ya pini mbili. Ukishaifungua moja, nyingine hazikupi shida. Nyuma nyingi zina dramu na breki shuu; hizo zina mambo yake, tusizichanganye humu.

Neno moja kabla hatujashika spana. Kuchomoa pedi iliyoisha na kuchomeka mpya ni kazi ya dakika kumi, na wengi huishia hapo. Kazi yenyewe ni kusafisha na kulainisha sehemu ambazo pedi na kalipa zinateleza. Pedi mpya ikiwekwa kwenye pini iliyokwama italika upande mmoja, itachemsha diski, na baada ya muda mfupi mtu anarudi dukani kulaumu pedi wakati kosa ni la pini.

Zimeisha lini? Pedi mpya ina nyama ya milimita 10 hadi 12, bila kuhesabu bati la nyuma. Ikibaki milimita 3, badilisha. Kiwango cha mwisho kwa Toyota hizi ni milimita 1, ila msifike huko, kwa sababu pedi nyembamba hupitisha joto hadi kwenye pistoni na mafuta ya breki. Kwenye pedi kuna kijibati chembamba kinachogusa diski nyama ikipungua na kutoa mlio mwembamba kama filimbi. Hapo bado una muda wa kwenda dukani. Mlio mzito wa kusaga ni chuma kwa chuma, na diski imeanza kuchimbika.

Kununua. Kisanduku kimoja kina pedi nne, kulia na kushoto. Usibadili upande mmoja. Nenda dukani na namba ya chesisi. Kusema "nataka pedi za Premio" hakutoshi, maana NZT240 ni ya 1.5 na ZZT240 ni ya 1.8, na muuzaji akikisia wewe ndiye utakayesumbuka. Kwa spea za Toyota, namba inayoanza na 04465 ni pedi za mbele, 04466 ni za nyuma, 04495 ni shuu. Kabla ya kufunga, ilaze pedi mpya juu ya ile ya zamani: masikio ya pembeni lazima yalingane.

Vifaa. Jeki, stendi mbili, wili spana ya 21, soketi au ringi ya 14 (baadhi ya gari ni 12), spana bapa ya 17 ya kushikia pini, soketi ya 17 ikiwa utatoa mkono wa kalipa (fremu inayobeba pedi na kalipa), klampu ya kurudishia pistoni, brashi ya waya, msasa, waya au kamba ya kuning'inizia kalipa, grisi ya breki, kitambaa, na barakoa. Vumbi la breki lisipulizwe kwa kompresa wala kwa mdomo. Pedi za zamani na baadhi ya zile za bei ya chini zinaweza kuwa na asbesto. Lowesha kwanza, ndipo ufute.

Kuinua. Sehemu tambarare na ngumu. Vuta handibreki, zuia tairi za nyuma kwa mawe au gogo mbele na nyuma. Usitegemee P peke yake: kwenye gari hizi P inashika tairi za mbele kupitia difu, ukiinua tairi moja ile iliyo hewani inakuwa huru kuzunguka na gari inaweza kusogea. Legeza nati za tairi robo mzunguko gari ikiwa bado chini, kisha inua, weka stendi, na ulaze tairi uliyoitoa chini ya uvungu kama ulinzi wa pili. Matofali ya saruji hayafai kabisa, hupasuka bila kutoa dalili.

Kufungua. Geuza usukani hadi nyuma ya kalipa ije nje mahali unapoiona. Utaona bolti mbili za pini, juu na chini. Kuna bolti ya tatu pale hozi ya breki inapoingia kwenye kalipa. Kichwa chake kinafanana na hizo mbili. Hiyo usiiguse. Ukiilegeza mafuta yanavuja, upepo unaingia, na washa zake zinataka kubadilishwa. Shika pini kwa spana ya 17 isizunguke, fungua bolti zote mbili, vuta kalipa, kisha ining'inize kwa waya kwenye springi ya shoku. Isining'inie kwa hozi hata dakika moja, maana hozi inaumia ndani na kwa nje huoni kitu.

Fanya upande mmoja hadi uishe, ule mwingine ubaki kuwa mfano wako. Piga picha pedi zilivyokaa na kijibati cha mlio kilipo.

Kusafisha. Chomoa pedi, chomoa klipu za chuma zinazokaa kwenye mkono wa kalipa. Chini ya hizo klipu ndiko kutu inakojificha. Ikivimba inainua klipu, nafasi inabana, pedi inakwama. Kwangua hadi uone chuma, kisha rudisha klipu au weka mpya kama zimekuja kwenye kisanduku. Pedi mpya lazima iteleze kwa kusukumwa na kidole. Ukihitaji nyundo kuiingiza, rudi kusafisha.

Pistoni. Fungua boneti uangalie kopo la mafuta ya breki. Kama lilijazwa wakati pedi zilikuwa zimeisha, litafurika ukirudisha pistoni, kwa hiyo punguza kwanza kwa sindano safi. Mafuta haya yanakula rangi ya gari. Yakimwagika mwagia maji mengi papo hapo. Weka pedi ya zamani juu ya pistoni, weka klampu, kaza polepole mpaka pistoni iingie yote. Bisibisi ya kukwanyulia hapana, inachana raba ya vumbi.

Kufunga. Grisi kidogo mno mahali masikio yanapoteleza na nyuma ya bati, isifike kwenye nyama wala kwenye diski. Pedi iliyopakwa grisi usoni haisafishiki, ni ya kutupa. Rudisha kalipa, bolti za pini Nm 34 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), mkono wa kalipa kama uliufungua Nm 107, nati za tairi Nm 103 kwa kukaza kwa kuruka, si kwa kuzunguka.

Halafu kanyaga. Kabla ya kuwasha na kuingiza gia, kanyaga pedali ya breki taratibu mara nyingi mpaka iwe ngumu. Pistoni iko mbali na pedi. Mkanyago wa kwanza unazama mtupu na gari haisimami. Hatua hii ikisahaulika gari inaingia ukutani ikitoka getini. Kisha angalia tena kiwango cha mafuta.

---

BintiGereji

Mkuu Spana14, umeeleza vizuri. Naomba niongeze kwenye pini, kwa sababu umezitaja bila kuzichambua na ndizo zinazoharibu kalipa nyingi huku Pwani kwa chumvi ya hewani.

Vuta pini zote mbili nje ya mkono wa kalipa. Mara nyingi utakuta moja ni duara tupu na nyingine ina kiraba mwishoni au imechongwa ubapa. Hazibadilishani nafasi. Weka alama ipi ilikuwa juu na ipi chini. Zikibadilishwa, ile yenye kiraba inabana mahali ilipotakiwa kucheza, na pedi zinaanza kugonga au kubaki zimeshika.

Futa grisi ya zamani yote, pia ndani ya tundu. Kitambaa kilichoviringishwa kwenye bisibisi nyembamba kinatosha. Pini yenye kutu ya mashimo nunua nyingine, msasa hautairudisha. Raba za mfuniko zikiwa zimepasuka badilisha, kwa sababu maji yataingia hata ukipaka grisi bora namna gani.

Grisi sasa. Ile ya bearing, ya rangi ya njano au nyekundu inayouzwa kwa kopo, ISITUMIKE kwenye pini. Raba za breki hazipatani na mafuta ya petroli: zinavimba, zinalainika kama jeli, na pini inakwama zaidi ya ilivyokuwa. Omba grisi ya silikoni au ile iliyoandikwa ni ya breki. Kiasi: utando mwembamba tu pini nzima. Ukijaza tundu, hewa na grisi vinabanwa mle ndani na vinaisukuma pini irudi nje; ukiona kalipa inarudi yenyewe kila ukiibonyeza, umejaza kupita kiasi.

Kipimo cha kwamba umemaliza: sukuma na vuta pini kwa vidole viwili. Inatakiwa iende laini, irudi laini, na raba isinyonywe ndani.

---

Mzalendo_wa_Chumbageni

Swali kwa Spana14. Kwa nini usifungue nipo ya kutolea upepo wakati wa kurudisha pistoni? Mafuta yaliyo ndani ya kalipa ndiyo machafu kuliko yote, yamepikwa na joto. Ukiyarudisha juu yanapita kwenye mashine ya ABS (inayozuia tairi kufunga ukikanyaga breki kali) ambayo ina vitundu vidogo sana.

---

Spana14

Hoja yako ina uzito, mkuu. Sikuiweka kwa sababu uzi ni wa mtu anayefanya mara ya kwanza, na nipo ikifunguliwa vibaya inaleta tatizo kubwa kuliko uchafu. Kama mafuta yanabadilishwa kila miaka 2, kurudisha pistoni bila kufungua hakuna neno.

Anayetaka kufungua afanye hivi: mpira mwembamba wa uwazi kwenye nipo, ncha ya pili imezama ndani ya chupa yenye mafuta ya breki kidogo. Spana ya nipo ni 10, baadhi ni 8. Legeza, sukuma pistoni polepole, funga nipo KABLA hujaachia klampu. Ukiachia kwanza inavuta hewa. Kaza kwa Nm 8 hivi, ni ndogo mno, nipo hukatika ukiikazia kama nati ya tairi. Nipo yenye kutu usiilazimishe siku ambayo gari unaihitaji kesho.

---

Mzalendo_wa_Chumbageni

Nimekuelewa. Ila miaka 2 wangapi wanaifuata? Kopo likiwa na rangi ya chai ya rangi badala ya asali nyepesi, mimi nasema fungua, na bora zaidi ubadili mafuta yote siku hiyo hiyo.

Sababu: haya mafuta hunyonya unyevu wa hewa. DOT 3 (DOT ni daraja la mafuta ya breki) mpya lazima ivumilie angalau nyuzi joto 205 za Selsiasi kabla ya kuchemka. Ikishakunywa maji kiwango kinashuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155. Kwenye mteremko mrefu kama Kitonga, mtu asiyetumia gia na anayeegemea breki tu anayachemsha, yanakuwa mvuke, na mvuke unabanwa, kwa hiyo pedali inazama mpaka chini wakati pedi bado nzima. Kifuniko cha kopo kimeandikwa aina inayotakiwa. DOT 3, DOT 4 na 5.1 ni za jamii moja. DOT 5 ni ya silikoni, haichanganywi na hizo kabisa. Chupa iliyofunguliwa mwaka jana na kukaa stoo usiitumie.

---

Mama Wawili IST

Habari zenu wataalamu. Pedi mpya zimefungwa jana, IST ya 2004. Pedali ni laini, inashuka chini zaidi ya zamani, ila ukikanyaga mara mbili inapanda. Breki zinashika. Tatizo liko wapi?

---

BintiGereji

Dada, gari isitoke mpaka tujue. Ikipanda ukikanyaga mara ya pili, sababu ni moja kati ya hizi, zikague kwa mfuatano huu.

Kwanza, kuna nipo au hozi iliyofunguliwa? Kama ndiyo, upepo umeingia. Dalili yake ni pedali ya kama sponji. Dawa ni kutoa upepo.

Pili, kama hakuna kilichofunguliwa, angalia pedi zimekaa sawa kwenye klipu. Sikio moja likipanda juu ya klipu, pedi inakaa kimshazari, na kila mkanyago unaanza kwa kuipinda kwanza. Fungua tairi utazame kwa macho kwa juu: nafasi kati ya pedi na diski ilingane juu na chini.

Tatu, diski ya zamani yenye mifereji. Pedi mpya ni bapa, inagusa vilele tu mpaka ikae. Hii hupungua yenyewe baada ya kilomita mia moja au mbili na pedali haizami sana.

Nne, shuu za nyuma zimelegea. Hiyo ilikuwepo kabla, ila watu huitambua siku ya kubadili pedi kwa sababu ndiyo siku wanayoisikiliza breki. Handibreki ikipanda meno mengi mno kabla ya kushika, tatizo ni huko.

Sasa ukikanyaga na kushikilia kwa dakika moja, pedali ikizidi kuzama taratibu chini ya mguu huku kopo halipungui, basi ni masta silinda (pampu kuu inayosukumwa na pedali), na hapo gari haiendeshwi. Hii hutokea sana baada ya kutoa upepo kwa kukanyaga pedali mpaka sakafuni: raba za masta zinapita mahali ambapo hazijawahi kupita miaka yote, kumejaa kutu, zinachanika. Wanaotoa upepo waweke kipande cha ubao chini ya pedali isifike mwisho.

---

Mama Wawili IST

Ahsante sana. Nipo haikuguswa. Pedi ya ndani ya kushoto sikio la chini lilikuwa juu ya klipu, na klipu imepinda.

---

BintiGereji

Ndiyo yenyewe. Weka klipu mpya, usiinyooshe hiyo. Kagua pia kama pedi ile haijapinda bati: ilaze juu ya kioo, isitikisike.

---

Kalipa Kavu

Naona watu wanatupa pedi za zamani bila kuzisoma. Pedi iliyotoka ndiyo ripoti ya kalipa nzima, zipange nne mezani kama zilivyokaa kwenye gari.

Ya ndani imeisha na ya nje bado nene: kalipa haitelezi. Pistoni inasukuma ya ndani, lakini mwili wa kalipa hauwezi kujivuta kuleta ya nje. Ni pini. Inaweza pia kuwa pistoni isiyorudi, na hizo mbili zinatofautishwa hivi: toa kalipa, ujaribu pini kwa mkono. Zikiwa laini, basi ni pistoni.

Ya nje imeisha na ya ndani nene: pini zimekwama zikiwa zimebana, kalipa haiwezi kurudi baada ya kuachia.

Pedi moja imelika kama kabari, nene juu nyembamba chini: pini moja imekwama na nyingine inateleza, au sikio moja limekamatwa na kutu.

Tairi la kushoto limekula pedi zote mbili, la kulia bado: hapa ndipo watu hununua kalipa bila sababu. Inua tairi hilo, mtu akanyage breki na kuachia, kisha jaribu kulizungusha. Likibaki limeshika, legeza nipo kidogo. Likiachia mara moja na mafuta yakaruka, kalipa ni nzima: hozi imevimba ndani na inazuia mafuta kurudi, kama vali ya njia moja. Hozi inabadilishwa kwa bei ndogo kuliko kalipa. Lisipoachia, ndipo shida ni pistoni au pini.

Uso wa pedi ukiwa unang'aa kama kioo, ilipikwa. Ama breki ilikuwa inashika muda wote, ama dereva anaweka mguu juu ya pedali. Nyama ikiwa inabanduka kwenye bati, gundi imeachia, na hiyo haihitaji mjadala, itupe hata kama ni nene.

Kwa faida ya wasiojua: pistoni hairudishwi na springi. Kuna raba ya pembe nne ndani ya kalipa. Breki ikikanyagwa, raba inajipinda na pistoni. Ukiachia, inajinyoosha na kuivuta pistoni nyuma kiasi kidogo mno, sehemu ya milimita. Ndiyo maana kutu kidogo tu kwenye pistoni inatosha kufanya breki ishike. Na ndiyo maana breki za diski hujirekebisha zenyewe pedi zinapolika: pistoni inateleza mbele ndani ya raba na kukaa hapo.

---

Dereva wa Mikoani

Usukani unatetemeka nikikanyaga breki kuanzia 80. Nimeambiwa diski imepinda, nichonge au ninunue?

---

Kalipa Kavu

Mkuu, diski kupinda kwa maana ya kukunjika ni nadra. Mara nyingi moja kati ya mawili. Aidha nyama ya pedi imeganda kwa mabaka kwenye diski, kwa sababu gari ilisimamishwa kwa breki kali kisha mguu ukabaki umekanyaga diski ikiwa moto. Au diski haijakaa bapa kwenye habu (kitovu ambacho diski na tairi hufungwa), na hili fundi wengi hawaliangalii.

Toa mkono wa kalipa, bolti mbili za 17. Diski ikigoma, ina matundu mawili yenye nyuzi za M8 (bolti ya milimita 8). Ingiza bolti mbili za M8, zikaze kwa zamu, inajisukuma yenyewe bila nyundo. Kisha tazama uso wa habu. Kutu nyembamba kama karatasi hapo inatosha, kwa sababu uyumbaji unaoruhusiwa ukingoni mwa diski kwenye nyingi ya gari hizi ni milimita 0.05 tu. Safisha habu kwa brashi ya waya na mgongo wa diski pia, rudisha, kaza nati kwa kuruka na kwa nguvu sawa. Wale wanaokaza kwa mashine ya upepo nati moja mpaka mwisho ndipo waende ya pili ndio wanaoleta mtetemo huu.

Kuchonga au kununua unaamuliwa na namba. Pembeni au ndani ya kofia ya diski pameandikwa MIN TH (unene wa chini unaoruhusiwa) na milimita zake. Pima unene kwa kalipa ya kupimia, sehemu kadhaa, ndani ya ukingo uliobaki juu. Kama baada ya kuchonga itakuwa chini ya namba hiyo, usichonge. Diski nyembamba inahifadhi joto kidogo na hupasuka. Mikwaruzo ambayo ukucha unapita bila kukwama iache, pedi itakaa yenyewe.

---

MpigaPasi

Pedi za feki tunazitambuaje? Maduka ya Kariakoo kila mtu anakuapia.

---

Spana14

Kiapo hakipimiki, mkuu, vitu hivi vinapimika.

Tazama ukingo au mgongo wa pedi: watengenezaji wanaofuata utaratibu huandika msimbo unaoishia kwa herufi mbili, kama EE, FF au GG. Ya kwanza ni msuguano ikiwa baridi, ya pili ikiwa moto. E ni 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Kwa gari hizi tafuta FF. Herufi ya pili ikiwa chini ya ya kwanza, breki itapungua nguvu ikipata moto. Herufi hazikuambii kama pedi itadumu, na mtu mwenye nia mbaya anaweza kuziandika tu, kwa hiyo usiishie hapo.

Angalia mahali nyama inapokutana na bati: kusiwe na mwanya hata wa unywele. Pita na ukucha ukingoni. Nyama ikimeguka kama chaki, iache. Bati liwe bapa na masikio yamekatwa laini. Pedi mbili za ndani zifanane kabisa. Nyepesi kupita kiasi ukilinganisha na za zamani, iache.

---

Aqua Nyeupe

Je, kwa Aqua na Prius (zile za haibridi) hatua ni hizi hizi?

---

Mzalendo_wa_Chumbageni

Chuma ni kile kile, umeme ndio tofauti, na usipouheshimu unaumia vidole. Breki zake zina pampu inayojiwasha yenyewe, hata kwa kufungua mlango wa dereva. Kalipa ikiwa wazi pampu ikiamka, pistoni inasukumwa nje ukiwa na mkono humo.

Zima gari kabisa, funguo iwe mbali, funga milango, subiri dakika 2 au zaidi, kisha toa terminali hasi ya betri ndogo ya volti 12. Kazi ikiisha, rudisha terminali, kanyaga pedali mpaka iwe ngumu, ndipo uwashe. Kutoa upepo kwenye hizi kunahitaji mashine ya kusomea, kwa hiyo nipo zisiguswe nyumbani.

Na kwa wenye diski za nyuma: gari ambazo handibreki inavuta kalipa yenyewe, kama VW Golf nyingi, pistoni ya nyuma inarudi kwa kuzungushwa huku ikisukumwa. Ukiibana kwa klampu tu unavunja utaratibu wa ndani. Handibreki ya kitufe nayo lazima iwekwe kwenye hali ya matengenezo kwanza.

---

MpigaPasi

Na baada ya kufunga, kuna namna ya kuzizoesha?

---

BintiGereji

Ipo. Barabara iliyo tupu, asubuhi mapema. Fika 50, punguza kwa breki ya wastani hadi 10, USISIMAME, panda tena. Rudia mara 8 hadi 10 ukiachana nafasi. Kisha endesha dakika kama kumi bila kugusa breki sana zipoe. Lengo ni utando mwembamba sawia wa nyama kwenye diski. Ukisimama kabisa ukiwa umekanyaga diski moto, unaacha muhuri wa pedi pale pale, na ndio ule mtetemo wa mkuu Dereva wa Mikoani. Harufu kidogo siku ya kwanza ni kawaida. Moshi upande mmoja si kawaida, rudi ufungue.

Diski mpya huja na mafuta ya kuzuia kutu. Ioshe kwa dawa ya breki au kwa maji ya moto na sabuni, ikauke, ndipo ufunge.

---

Dereva wa Mikoani

Habu ilikuwa na kutu kweli, pande zote mbili. Swali la mwisho: sina spana ya torki, nakaza vipi?

---

Spana14

Tumia urefu wa mkono wa spana. Nm 34 kwa spana ya sentimita 30 ni sawa na kuvuta kama kilo 11 na nusu mwishoni mwake, yaani mkono mmoja bila kuinuka. Nm 107 kwa mpini wa sentimita 45 ni kama kilo 24. Nati za tairi kwa wili spana ya sentimita 40 ni kama kilo 26. Kwa mguu ni kubonyeza tu, kupanda juu yake ni kupitiliza. Ukitaka kuujua uzito huo kwa mkono, ning'iniza ndoo kwenye mizani ya sokoni ukaizoee kabla ya kushika bolti. Pembeni mwa kila bolti uliyokaza chora mstari wa rangi unaovuka hadi kwenye kalipa, na baada ya kilomita 100 inama utazame: mstari ukiwa umekatika, bolti imezunguka. Nati za tairi zikaze upya siku hiyo hiyo.